Je, Bembea Nayo ni Haki?



Swali ninalokuletea safari hii laweza kuonekana dogo, hata la kuchekesha. Je, mtu asiyeweza kutembea vizuri, tena mtu mzima mwenye wajukuu, ana haki ya kupanda bembea? Sisemi haki ya kutibiwa, wala ya kusoma, wala ya kupata kazi, maana hizo sidhani kama yuko kati yetu atakayezipinga hadharani. Nasema bembea: vile vyombo vya michezo ambavyo watu hutoa fedha wapande, wapige makelele, washuke wakicheka, wasibaki na faida yoyote ila kile kicheko. Mimi nilikuwa na jibu langu la haraka, na nililitoa mbele ya watu. Baadaye niliona haya. Ndiyo sababu naandika.

Mwaka 2023 mimi na dada yangu tulikwenda Marekani, katika jimbo la Florida, kumtembelea binti yake anayeishi huko. Dada ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Alipata polio akiwa mtoto mdogo. Mguu wa kulia ukabaki mwembamba, naye akatembea kwa gongo maisha yake yote. Kwa gongo hilo amelima, amefanya biashara, na amelea. Siku hizi ule mguu uliokuwa mzima nao umechoka kufanya kazi ya miguu miwili. Anaweza kusimama, na anaweza kwenda hatua kumi au kumi na tano akishika kitu. Zaidi ya hapo hawezi.

Siku moja wajukuu walitupeleka kwenye bustani kubwa ya michezo. Msomaji asidhani ni bustani ya maua. Ni kama mji mzima: kuna barabara, maduka, maziwa ya kuchimbwa, na katikati yake vyombo vya kila namna. Ziko mashua zinazopita ndani ya mapango ya kutengenezwa, viko vikombe vikubwa vinavyozunguka na watu ndani yake, na yako magari ya reli yanayopanda juu kama mnara kisha yakaporomoka. Kuzunguka kote kwa miguu ni mwendo wa kumchosha hata kijana. Kwa hiyo pale langoni hukodishwa vigari vya umeme: kiti juu ya magurudumu matatu au manne, usukani mbele, betri chini ya kiti, na mwendo kama wa mtu anayetembea kwa haraka. Dada alionyeshwa jinsi ya kukiendesha, akajaribu mara mbili, kisha akaondoka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yetu ikawa mimi ndiye ninayemwambia anisubiri.

Tulipofika kwenye chombo cha kwanza, nikasema kwa sauti ya ualimu, "Dada atakaa hapa kivulini atutunzie mizigo." Hakuna aliyepinga. Dada mwenyewe alisema, "Haya." Tukaenda, tukarudi. Tukaenda kwenye chombo cha pili, tukarudi. Tuliporudi mara ya tatu, nilimkuta amefungua kijitabu cha maelezo tulichopewa langoni, amevaa miwani, na amekunja pembe za kurasa mbili.

Akaniambia, "Mwalimu, umefundisha watoto miaka thelathini na sita kwamba wasome maagizo kabla ya kujibu swali. Leo wewe umejibu kabla ya kusoma."

Nilichukua kijitabu nikasoma. Kilieleza chombo kimoja kimoja. Vipo ambavyo mtu hupanda akiwa amekaa katika kiti chake cha magurudumu. Vipo ambavyo mwenye kigari cha umeme huombwa aache kigari, ahamie kiti cha magurudumu cha kawaida kilichowekwa pale, ndipo apande. Na vipo ambavyo hana budi kuhamia kiti cha chombo chenyewe, kwa nguvu zake au kwa msaada wa watu aliokuja nao. Yote yaliandikwa kwa maneno mafupi na alama zilizo wazi. Nilikuwa nimekibeba kijitabu kile mfukoni tangu asubuhi.

Tukaenda kwenye ukurasa wa kwanza uliokunjwa, yaani mashua. Dada aliacha kigari, akahamia kiti cha kawaida, akasukumwa hadi kwenye mashua yenye sakafu iliyolingana na gati, akaingia. Alipotoka alikuwa amelowa mkono mmoja kwa sababu alikuwa akichezea maji kama mtoto.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa gari la reli linaloporomoka. Kijana aliyesimama pale hakumwambia dada kwamba haiwezekani. Alimweleza mambo mawili. Kwanza, mpandaji lazima aweze kushikilia mwili wake wima gari likipiga kona. Pili, gari likikwama juu, itabidi abiria washuke kwa miguu kwenye ngazi nyembamba pembeni mwa reli. Kisha akauliza, "Mama, waonaje?" Dada akatazama juu, akahesabu ngazi kwa macho, akasema, "Basi, hapana." Tukaondoka, wala hakununa.

Tangu siku ile nimeyawaza sana mambo haya. Neno "hapana" lilitajwa mara mbili siku moja kuhusu mtu yule yule. Ile ya kwanza, niliyoitoa mimi ndugu yake kwa kumhurumia, ilimuumiza. Ile ya pili ilitokana na maelezo ya mtu asiyemjua kabisa, na haikumuumiza. Tofauti yake ni nini?

Niyachukue kwanza maneno niliyokuwa nikijitetea nayo. Huenda na wewe, msomaji, unayo.

La kwanza ni kwamba bembea ni anasa, na hakuna haki katika anasa. Naam, ni anasa. Lakini kama ni anasa kwake, ni anasa kwangu pia, mwalimu mstaafu mwenye mvi. Wala hakuna aliyenisimamisha langoni akaniuliza kwa nini nataka kucheka. Mwenye miguu hucheza bila kutoa sababu. Asiye na miguu ndiye tunayemtaka aeleze faida. Ndipo nikaona kwamba tatizo langu halikuwa anasa. Nilikwisha kumpangia dada fungu lake duniani: chakula, dawa, na kuonewa huruma. Vitu hivyo ni vyema, lakini vyote ni vya kupokea. Mtu anayecheza si mpokeaji, ni mwenzako.

Jambo hili halikunishtua mimi peke yangu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, una ibara ya 30 inayohusu utamaduni, mapumziko, burudani na michezo, na humo wametajwa watoto wenye ulemavu kwamba washiriki kucheza sawa na wenzao. Na huko San Antonio, katika jimbo la Texas, mjenzi wa nyumba aitwaye Gordon Hartman alifungua mwaka 2010 bustani ya michezo iitwayo Morgan's Wonderland, kwa jina la binti yake mwenye ulemavu. Kilichomsukuma ni tukio la likizo: binti alitaka kucheza na watoto wengine ndani ya bwawa la kuogelea, nao wakatoka majini wakamwacha. Katika bustani ile wenye ulemavu huingia bila malipo. Kuna bembea inayochukua mtu pamoja na kiti chake cha magurudumu. Mwaka 2017 pakaongezwa sehemu ya michezo ya maji. Na kwa kuwa betri na maji havipatani, vikatengenezwa viti vya magurudumu vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Mtu aliyekaa akafikiri hata hewa ya kusukuma kiti ndani ya maji hakuiona furaha kuwa kitu cha ziada.

Neno la pili la kujitetea ni hatari. Hili ni zito zaidi, na sitaki kulidharau. Chombo kinachoporomoka hakijui huruma. Asiyeweza kujishikilia aweza kuumia, na asiyeweza kushuka ngazi aweza kukwama juu na kuwakwamisha wengine. Mwenye chombo anayemkubalia kila mtu kwa kuogopa kulaumiwa hampendi mtu yeyote.

Lakini hatari ziko za namna mbili. Kuna hatari iliyopimwa, na kuna hatari iliyodhaniwa tu. Wamarekani walijifunza kuzitenganisha baada ya mapambano marefu. Tarehe 12 Machi 1990 watu wenye ulemavu walikusanyika Washington mbele ya jengo la Bunge, wakaacha chini viti vyao na magongo yao, wakazipanda ngazi za jengo lile kwa kutambaa, ili wabunge waone kwa macho maana ya ngazi. Tarehe 26 Julai mwaka ule ule Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria ya kukataza ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu, na sheria hiyo inazitaja bustani za michezo waziwazi. Kanuni zake zinamruhusu mwenye chombo kuweka masharti ya usalama, ila masharti hayo yatokane na hatari halisi, yasitokane na kubahatisha wala mazoea ya kuwafikiria walemavu wote kuwa namna moja. Nilipoisoma kanuni hiyo nilijiona mimi ndani yake, nikiwa nimesimama na mizigo karibu na kivuli.

Tena, mengi tunayoyaita hatari ni ujenzi tu. Kanuni za ujenzi zilizotolewa huko mwaka 2010, na kuwa za lazima kuanzia tarehe 15 Machi 2012, zinataka chombo kipya cha michezo kilichojengwa mahali pa kudumu kiwe na angalau kimoja kati ya vitu vitatu: nafasi ya kiti cha magurudumu ndani ya chombo, au kiti kilichotengenezwa ili mtu aweze kuhamia, au kifaa cha kumsaidia kuhama. Vipo vilivyosamehewa, kama vile vyombo vya kuhamahama vya maonyesho. Kiti cha kuhamia kisizidi kimo cha sentimita 61 kutoka mahali pa kupandia. Na mwanzo wa foleni pawe na kibao kinachoeleza ni namna gani mtu atapanda, ili asingoje saa nzima ndipo akataliwe mlangoni. Ona jinsi jambo lenyewe lilivyo la kawaida: ni kimo cha kiti, upana wa njia, na kibao. Katika bustani ya Disney iitwayo Animal Kingdom, iliyofunguliwa Florida mwaka 1998, kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, na safari ya kutazama wanyama iliyopewa jina la mlima wetu Kilimanjaro. Mtu hupanda lori lile akiwa katika kiti chake cha magurudumu, akamwona twiga bila kubebwa mgongoni na mtu yeyote.

Mwenye kigari cha umeme ana shida yake ya pekee. Nafasi ya kiti cha magurudumu iliyowekwa katika kanuni zile ni sentimita 76 kwa 122. Kiti cha kawaida huenea humo. Kigari kina usukani mbele, aghalabu ni kirefu, ni kizito, na hakigeuki mahali padogo. Ndiyo maana huambiwa akiache. Sababu ni ya kweli, lakini tusisahau gharama yake: aliyekuwa akijiendesha sasa anasukumwa na mtu mwingine. Dada aliikubali gharama hiyo kwa ajili ya mashua. Mwingine asingeikubali. Anayejua bei ya kitu ni yule anayekilipia.

Neno la tatu ni foleni. Watu husema, "Wakipitishwa mlango wao, sisi tunaosimama juani tunaonewa." Si malalamiko ya bure, maana upendeleo huzaa udanganyifu. Mwaka 2013 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba matajiri fulani walikuwa wakiwakodi watu wenye ulemavu wawasindikize katika bustani za Disney, ili familia zao zipite mbele ya wengine. Oktoba mwaka huo Disney ilibadili utaratibu: badala ya kuingia mara moja, mtu asiyeweza kukaa kwenye foleni akapewa saa ya kurudi, kulingana na urefu wa foleni yenyewe. Yaani anangoja kama wengine, ila hangojei amesimama. Utaratibu huo nao umebadilishwa tena baadaye, lakini fikira iliyomo yafaa kushikwa: usawa si wote kusimama mahali pamoja. Usawa ni wote kungoja muda mmoja.

Sisi tunaosoma Injili tunamjua yule mgonjwa wa Bethzatha, aliyekaa miaka thelathini na minane kando ya birika. Dawa ilikuwepo. Mlango ulikuwa wazi. Wala hakuna aliyemkataza kuingia. Ila kila alipojaribu, mwenye miguu alimtangulia, na yeye hakuwa na mtu wa kumtia majini. Kwa kanuni ya foleni, hakuonewa. Na kwanza kabisa aliulizwa kama anataka. Zamani nilipofundisha habari ile niliona swali hilo halina maana, kwani nani asiyetaka? Siku hizi silioni hivyo.

Nitaje na jambo moja la aibu. Dada aliposimama kutoka katika kigari na kwenda zile hatua chache mpaka kwenye kiti cha kawaida, mtu mmoja katika foleni aliwaambia wenzake kwamba ameona muujiza, kilema ametembea. Wakacheka. Hawakujua kwamba wengi wanaotumia vigari vile wanaweza kusimama, na wengine wanaweza kutembea kidogo. Wasichoweza ni mwendo wa mchana kutwa. Mtu hapaswi kuthibitisha ulemavu wake mbele ya umati ili wenye miguu waridhike. Nasi tusiwacheke wageni hao haraka. Nilipokuwa nikifundisha ngeli za nomino chuoni, wanafunzi waliniuliza kwa nini kilema, kipofu na kiziwi yamekaa katika umbo moja na kiti na kikapu. Niliwajibu kwamba upatanisho ni wa mtu: twasema kilema huyu, hatusemi kilema hiki. Jibu lilikuwa sahihi kwa sarufi. Lakini siku ile nilimweka dada yangu kivulini pamoja na mizigo, na nadhani nilikosea upatanisho.

Basi nirudi kwenye swali. Je, bembea nayo ni haki? Sidhani kwamba kila mtu ana haki ya kupanda kila chombo. Hata mimi yako niliyokatazwa na daktari kwa ajili ya presha. Ila naona kila mtu ana haki ya mambo matatu kabla ya kuambiwa hapana. Aelezwe ukweli mapema, kabla hajafika mlangoni. Kizuizi kiwe cha hatari yenyewe, si cha ngazi ambayo fundi angeweza kuijenga vingine. Na aulizwe yeye. Nilichokikosa mimi ni hilo la tatu, nalo halihitaji fedha wala sheria ya bunge.

Huku kwetu hatuna bustani za namna ile, lakini "dada atakaa kivulini" tunaisema sana. Tunaisema harusini, ukumbi ukiwa juu ghorofani. Tunaisema katika safari za parishi, basi likiwa refu. Tunaisema kwa upendo, na mara nyingi mwenyewe hujibu, "Haya," kama dada alivyonijibu, kwa sababu amezoea. Nasi tunalihesabu "haya" lake kuwa ni kuridhika. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na wengi wetu tunaosoma ukurasa huu, miaka michache ijayo, tutapangiwa kivuli na watu wanaotupenda.

Umoja wa Akina Mama walipoandaa safari ya kwenda pwani, nilimwendea dada mapema. Nilikuwa nimekwisha kuuliza kuhusu kimo cha ngazi ya basi, na vijana wawili wamekubali kumsaidia mchangani. Nikamweleza yote, kisha nikamuuliza kama anataka kwenda.

Akafikiri kidogo, akasema, "La, Mwalimu. Kuna jua kali, na mimi bahari nimekwisha iona. Nendeni."

Alibaki nyumbani, kivulini. Safari hii alikichagua yeye.